Sauti Iliyoitika Darasa la Tatu

Mheshimiwa Afisa Elimu, mgeni wetu rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule pamoja na wajumbe wako, walimu wakuu wa shule jirani mliofunga ofisi zenu kuja kutuunga mkono, walimu wenzangu, wazazi na walezi, hasa ninyi mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimekwisha, wanafunzi mliokaa chini hapa mbele na ambao nawaomba sana msinichekeshe, nawe Mwalimu Mkuu wetu, mama yetu, unayestaafu leo na ambaye kwa ajili yako tumefagia uwanja huu mara mbili: nawasalimu wote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nimeombwa niseme machache juu ya uongozi wa Mwalimu Mkuu. Mwenzangu wa Hisabati ameshawaeleza habari za ufaulu, na Mwenyekiti ameshawaeleza habari za vyoo vipya na matangi ya maji, tena kwa kirefu. Sina la kuongeza hapo. Mimi nitasema jambo ambalo wengi mliopo hapa mnalijua nusunusu, mnalisimulia kwa kunong'ona, na kila anayelisimulia analitia chumvi yake. Nitasema habari za Darasa la Tatu. Nilipomwomba Mwalimu Mkuu ruhusa, aliweka miwani mezani, akasema, "Sema. Ila ukiamua kulisema, liseme lote."

Basi nitalisema lote.

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa darasa lile. Chumba chenyewe mnakijua: ni kile cha mwisho upande wa bondeni, chenye madirisha yasiyofunga sawasawa, na ambacho mvua ikinyesha sana unausikia mto kana kwamba unapita nyuma ya ubao. Watoto wetu wengi wanatoka ng'ambo ya mto huo. Wakati ule walikuwa wanavuka kwa daraja la mbao lililoshikiliwa na nyaya. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, watu wazima walikuwa wamesimama kule ng'ambo wakisubiri, maana maji yalikuwa yanagusa mbao. Watoto kadhaa wa darasa langu wakawapita mbio, wakaingia darajani. Upande mmoja ukakatika. Wale watu wazima walijitupa majini, wakawatoa watoto wote isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja tulimwita Chiriku. Alikuwa binti wa mama muuza mkaa wa pale njia panda, na jina hilo alipewa na darasa zima kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Wenzake wakiitwa majina asubuhi walisema, "Nipo, mwalimu." Yeye alisema, "Nipo, mwalimu wangu," akalivuta hilo neno la mwisho mpaka wenzake wakaangua kicheko, na mimi nikajifanya nimekasirika.

Walimtafuta mpaka mto ukarudi kwenye kina chake cha kila siku. Hakupatikana. Familia ikakaa msiba bila mwili, shule ikafungwa siku chache, kisha ikafunguliwa. Mnajua ilivyo shuleni: kengele ikilia, maisha yanaendelea. Aliyekuwa akikaa naye dawati moja, binti wa fundi cherehani, alikuwa mmoja wa waliotolewa majini. Huyo nikamhamishia mbele, karibu na meza yangu, ili asikae peke yake. Dawati lao la dirishani likabaki tupu. Na kwa utaratibu wa wakati ule, jina la mtoto aliyefariki lilipigwa mstari katika kitabu cha mahudhurio. Nilielekezwa nilipige mstari, nikalipiga.

Asubuhi hiyohiyo nikaita majina. Nilipofika pale penye mstari nilikaa kimya kidogo, si zaidi ya mtu anavyomeza mate, kisha nikataka kuendelea na jina la chini yake.

Sauti ikaitika. "Nipo, mwalimu wangu."

Niliinua macho. Watoto wote walikuwa wamekaa wima, mikono juu ya madawati, wananitazama. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyegeuka. Walimu wenzangu, ninyi mnajua: mjusi akidondoka darasani, vichwa vyote vinageuka kwa pamoja. Hawa hawakugeuka hata mmoja. Ilikuwa kama vile kila mtoto anaogopa kuwa wa kwanza kutazama kule dirishani. Nikaita jina lililofuata, na sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

Siku ya pili ikaitika tena. Safari hii ilikuwa nyembamba, ya chinichini: "Nipo, mwalimu." Siku iliyofuata ikatokea upande wa mlangoni. Iliyofuata ikatokea katikati. Nilitazama midomo yao, haikutikisika. Nilijaribu kusoma harakaharaka bila kupumua pale penye mstari, nayo ikapenya hivyo hivyo kati ya jina na jina. Siku moja nikaamua kuanzia mwisho wa orodha na kupanda juu. Nikajisemea, leo nimeikomesha. Nilipofika mahali pake, ikaitika.

Kisha yakaja maji. Ninapofungua darasa asubuhi, sakafu nzima kavu, ila chini ya lile dawati la dirishani, upande aliokuwa akikaa Chiriku, pana kidimbwi. Hata siku ambazo mvua haikunyesha. Fundi alipanda juu ya paa akakagua bati moja baada ya jingine, akashuka akasema hakuna tundu. Alikataa hata kusubiri malipo yake ndani ya chumba kile, alisubiri getini.

Mnaweza kukisia yaliyofuata. Habari zilitoka shuleni kabla ya watoto kutoka. Walimu wakaanza kubadilishana vipindi ili wasiingie mle. Mwenzangu wa Sayansi, nakuona unainamisha kichwa, uliniambia, "Dada, mimi nafundisha sayansi, lakini sayansi yangu inaishia kwenye mlango ule." Wazazi wakaanza kuwahamisha watoto. Ndugu Mwenyekiti, wewe ulikuja na pendekezo kwamba chumba kifungwe kwa misumari, na watu wa dini walikuja na maombi yao. Mwalimu Mkuu aliwapokea wote kwa heshima, akaomba nao, akawasindikiza hadi getini. Asubuhi yake sauti ikaitika kama kawaida.

Mheshimiwa Afisa Elimu, nakuomba radhi mapema kwa hili. Ulikuja mwenyewe kukagua. Ulikaa kwenye kiti changu, ukaniambia niite majina kwa sauti ya kawaida. Nikaita. Ikaitika. Kalamu yako ikadondoka, na hakuna aliyethubutu kuinama kuiokota, pamoja na wewe. Ulimwambia Mwalimu Mkuu kwamba jambo hili liwe limekwisha kabla muhula haujafungwa, la sivyo atahamishwa yeye. Kisha uliondoka bila kunywa hata chai. Nitarudi kwako, Mheshimiwa, kwa sababu hadithi yako haikuishia hapo.

Sasa, uongozi ni nini? Tumesoma vyuoni kwamba ni kupanga, kusimamia, kutathmini. Lakini ni nini pale ambapo walimu wako wanaogopa, wazazi wako wamekasirika, mkubwa wako amekupa mwisho wa muhula, na tiba ambayo kila mtu anaijua imeegemezwa kwenye kona ya ofisi yako?

Maana ilikuwepo tiba. Tuliitisha kikao cha walimu, na mwalimu wa nidhamu akasimama. Mnamjua, yuko hapa, na nimemwomba ruhusa yeye pia. Wakati ule jina lake peke yake lilikuwa linanyamazisha uwanja. Akasema, "Mwalimu Mkuu, nipe darasa lile asubuhi moja tu. Nitawapanga mstari. Fimbo itamtoa huyo mwenye sauti."

Mwalimu Mkuu akamuuliza, "Na isipomtoa?"

"Itamtoa. Haijawahi kushindwa."

"Mwalimu," alisema, taratibu sana, "watoto hawa wamemwona mwenzao akienda na maji. Wewe unataka kuwatisha kwa kitu gani kinachozidi hicho?"

Akaendelea: "Hakuna mtoto wa darasa lile atakayeguswa. Si leo, si kesho. Anayetaka kulalamika juu yangu, anwani ya Afisa Elimu iko ukutani."

Alichofanya yeye, wengi hatukukielewa. Kila asubuhi alikuja darasani kwangu, akaketi nyuma kabisa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika karibu kidevuni. Hakukagua madaftari. Hakumuuliza yeyote, "Nani anafanya hivi?" Nikaita majina, sauti ikaitika, naye kutoka kule nyuma akasema kwa upole, "Nimesikia. Asante." Basi. Akainuka, akaenda ofisini. Siku ya kwanza nilidhani amechanganyikiwa. Lakini baada ya muda niliona kitu: watoto walianza kugeuka. Sauti ikishaitika, mmoja mmoja aligeuza shingo kumwangalia yule mama pale nyuma, kama mtu anayetaka kuuliza jambo na hajui aanzie wapi.

Kisha akaniambia, "Kesho tuje kabla ya geti kufunguliwa. Nataka kuona hayo maji yanaingiaje."

Tulikuja kumepambazuka tu. Mlango wa darasa ulikuwa umefungwa kwa kufuli kama nilivyouacha. Kumbe lile dirisha bovu mtoto mwembamba anapita. Nikafungua kufuli, Mwalimu Mkuu akausukuma mlango kwa kidole.

Ndugu zangu, pale dirishani alikuwa amekaa mtoto.

Alikuwa amekaa upande wa Chiriku, mikono imekunjwa juu ya dawati, anautazama ubao mtupu. Hakugeuka tulipoingia. Nilimjua kwa sweta kabla sijamjua kwa uso: ni binti wa fundi cherehani, na sweta lake siku zote nililiona amelifunga kiunoni, hata asubuhi za baridi, na siku zote nilimwambia alivae vizuri. Mimi nilitaka kurudi nyuma. Mwalimu Mkuu alinishika mkono, kisha akaenda akaketi sakafuni, si karibu sana, akaegemea ukuta. Tukakaa hivyo, watatu, mto ukinguruma kule chini.

Mlinzi akagonga kengele ya kwanza. Mtoto akatetemeka mwili mzima kuanzia miguuni, na maji yakaanza kutiririka kutoka kwenye kiti hadi sakafuni.

Hayo ndiyo yalikuwa maji yetu. Hayo ndiyo tuliyoyaombea, tukayapandia paa, tukataka kuyapigilia misumari.

Mwalimu Mkuu alivua mtandio wake, akamfunika miguu. Akamuuliza, "Unamwekea nafasi?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Atakuja?"

"Sijui, mwalimu. Lakini akija asikute imechukuliwa."

"Na anayeitika jina lake asubuhi ni nani?"

Mtoto akajikunyata. "Mtatuchapa?"

"Hapana."

"Wote?"

"Hata mmoja."

Akatazama mlango. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nywele zinanisimama: "Tunapokezana. Leo ni zamu ya yule kaka anayekaa mlangoni. Jana ilikuwa mimi."

"Kwa nini mnamwitikia?"

"Asiandikwe mtoro."

Mnakumbuka sheria yetu ya wakati ule. Asiyeonekana bila taarifa aliitwa mbele ya gwaride siku atakayorudi, akachapwa shule nzima ikitazama. Watoto wa Darasa la Tatu walikuwa wamepiga hesabu yao. Chiriku hayupo. Kadiri siku zinavyopita, fimbo zinazomsubiri zinaongezeka. Basi darasa zima, watoto wasioweza kukubaliana nani afute ubao, wakakubaliana bila mtu mzima kujua. Wakajifunza kusema bila kufungua midomo. Wakajifunza kutogeuka.

Lakini kwa nini waliamini atarudi? Mwalimu Mkuu alimuuliza hivyo hivyo: "Mama, nani alikuambia Chiriku anarudi?" Mtoto akashangaa swali lenyewe. "Mlisema ametangulia," akasema.

Wazazi wenzangu, tusikie hapo. Gwaride zima tulisimama tukasema Chiriku ametangulia. Tulisema kwa huruma, ndivyo tunavyosema. Wengine tukasema amelala, wengine ametuacha. Mtoto wa umri ule ukimwambia mwenzako ametangulia, anaelewa nini? Anaelewa kwamba yuko mbele, njiani, na ukikaza mwendo utamkuta. Hakuna mtu mzima hata mmoja katika shule hii aliyekuwa amewaambia kwamba amekufa.

Na bado mtoto alikuwa na jambo moyoni. Mwalimu Mkuu hakumharakisha. Alimwachia kimya kikubwa cha kutosha, na mtoto akakiingia mwenyewe.

"Watu walituambia tusubiri maji yapungue," alisema. "Chiriku akasema geti litafungwa. Akasema tukichelewa tutachapwa. Akaniambia nitangulie mimi, yeye atanishika sweta. Akanishika. Alikuwa anavuta nyuma. Nikamwambia usinivute." Hapo akakishika kile kifundo cha sweta kiunoni, akakikaza. "Halafu hakunivuta tena."

Niliketi kwenye dawati lililokuwa karibu, dogo mno kwangu, nikasikia watoto wengine wakianza kuingia uwanjani, wanakimbia. Wanakimbia kuwahi.

Mwalimu Mkuu alimbeba mtoto yule mgongoni hadi nyumbani kwa mlinzi, akamwogesha kwa maji ya moto, akamtafutia sketi. Kisha akaitisha kikao, akatueleza kama nilivyowaeleza ninyi sasa, bila kupaza sauti na bila kumnyooshea yeyote kidole. Mwalimu wa nidhamu alikuwa amekaa karibu na dirisha, fimbo imelala mapajani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akatoka bila kuaga. Tulifikiri amekasirika, na wengine walinong'ona kwamba anaenda kumshtaki Mwalimu Mkuu. Tulipotoka tulimkuta getini. Alikuwa amefungua mabawa yote mawili ya geti, anavingirisha jiwe kubwa kwa mikono yake, jasho linamtoka, aliegemeze ili geti lisiweze kufungika. Fimbo sikuiona tena, siku ile wala baadaye, na sijawahi kumuuliza aliipeleka wapi.

Naomba usimame, mwalimu. Simama watu wakuone. Watoto wa ng'ambo wanamjua kwa jina jingine siku hizi: wanamwita Baba Daraja. Tangu wakati ule, kila asubuhi ya mvua anasimama ukingoni kule ng'ambo na mwavuli wake mbovu, hata baada ya kujengwa daraja la zege, anawaambia watoto, "Tulieni. Shule haiendi popote." Mpigieni makofi, nitasubiri.

Asanteni.

Siku iliyofuata Mwalimu Mkuu alimwalika mama muuza mkaa. Wengi tulisema, si atawatia watoto uchungu? Akajibu, "Uchungu wanao tayari. Wanakosa mtu wa kukaa nao ndani yake." Mama yule aliingia Darasa la Tatu na nguo zake za kazi, mikono myeusi, akasimama mbele ya watoto waliokuwa wamezoea kula kwake. Mama, nakuona pale. Ahsante kwa kuja leo. Uliwaambia, "Mwanangu amekufa. Maji yalimchukua, amekufa. Harudi. Wala hana kosa lolote, wala ninyi hamna." Ulisema kwa sauti ya mtu anayetaja saa. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya daraja, darasa lile lililia. Lililia lote kwa pamoja, kwa sauti, mpaka madarasa mengine yakasimamisha vipindi. Na ninawaambia kweli, sauti ile ya kilio ilinitoa hofu, kwa sababu midomo yao ilikuwa wazi.

Mama akaomba kitu kimoja tu: jina lisipigwe mstari mpaka wenzake wamalize shule. Tukaliandika upya. Kila asubuhi tunalisoma, darasa linakaa kimya kidogo, tunaendelea. Tangu siku hiyo hakuna aliyeitika.

Mheshimiwa, nilisema nitarudi kwako. Muhula ulipokwisha, ulikuja na barua ya uhamisho mfukoni. Mwalimu Mkuu alikueleza yote, kisha akakupeleka getini asubuhi ukajionee. Ulimkuta mtoto aliyechelewa, amelowa chapachapa, na ukamsikia Baba Daraja, aliyekuwa amerudi kutoka mtoni, akimuuliza si "Kwa nini umechelewa?" bali "Umefikaje?" Mtoto akaeleza alivyofika: mama mgonjwa, mdogo wake kamwacha kwa jirani, kapita njia ya juu. Akapewa taulo na maji ya moto, akaenda darasani. Barua ile hukuitoa, na shule nyingine zikasikia kutoka kwako kwamba swali la kwanza getini ni hilo. Kwa mkubwa kubadili mawazo mbele ya walio chini yake, inahitaji kifua. Tunakushukuru.

Nisije nikawadanganya kwamba kila kitu kilikuwa chepesi. Walikuwepo wazazi waliosema tunawalea watoto kama mayai. Walikuwepo watoto waliotujaribu, na wengine wakatushinda kwa muda. Binti wa fundi cherehani alikaa mwaka mzima bila kuvaa sweta mwilini, na Mwalimu Mkuu alitukataza kumlazimisha. Leo yuko Darasa la Saba. Mwezi uliopita mvua kubwa ilinyesha, naye akaingia darasani kwangu kipindi cha pili kikiwa kimekwisha, viatu mkononi, bila kukimbia. Akaniambia, "Samahani mwalimu, maji yalikuwa mengi, nikasubiri." Akaketi, akafungua daftari, akauliza tumefika ukurasa gani. Mwalimu Mkuu alikuwa anapita barazani. Alisikia. Aligeuka ukutani kana kwamba anasoma ratiba, na ratiba yenyewe ilikuwa ya mwaka juzi.

Limebaki jambo moja. Hili sijawahi kulisema hadharani, lakini niliambiwa niliseme lote.

Baada ya yule mama kuja, siku moja niliwauliza watoto, kwa utani tu maana tulishaanza kucheka tena, ni nani aliyebuni ujanja ule wa kupokezana. Wakasema walikubaliana wote nyuma ya vyoo, siku ile ya kwanza, wakati wa mapumziko. Na zamu zikaanza kesho yake.

Nikasema, "Kesho yake? Na ile ya asubuhi ya kwanza, aliitika nani?"

Wakatazamana. Kicheko kikakatika. Binti wa fundi cherehani ndiye aliyenijibu. "Ile si sisi, mwalimu. Ile tulimsikia. Tulikubaliana kwa sababu tulimsikia, tukasema kama kesho hataweza, tumsaidie."

Niliwauliza mmoja mmoja, nikawauliza tena na tena. Jibu halikubadilika.

Nilikwenda ofisini, nikamweleza Mwalimu Mkuu. Nilitazamia atacheka, au atanifafanulia, maana yeye hakosi ufafanuzi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alifungua dirisha, nikausikia mto. Kisha akaniuliza, "Siku ile, mahudhurio, ulimwandika yupo?"

Nikasema, "Hapana. Ningemwandikaje?"

Akavua kofia ya kalamu yake, akanipa ile kalamu.

"Basi aliwahi, mwalimu," akasema. "Mwandikie."

Nikamwandikia.

Mwalimu Mkuu, mama yetu: watoto wetu wamekuwa wakifika shuleni kwa njia ambazo sisi hatuzijui, na wewe ulikuwa wa kwanza kuwapokea kabla ya kuwahoji. Nenda kapumzike. Ninyi nyote mliokaa jua hili lote mkanisikiliza hadi neno la mwisho, nawashukuru kwa dhati.